Baraza la Mji wa Zamani na Mambo Liliyoyaamua

Wengi wenu mnaniuliza: duka la babu lilikuwa mtaa gani, kiwanja kile nyuma ya soko kilikuwa cha nani? Majibu mengi yalikuwamo katika kumbukumbu za vikao vya baraza la mji. Kwa kuwa karatasi hizo zilipita mikononi mwangu, nieleze baraza lenyewe lilikuwa nini.

Wakati wa Waingereza, mji mdogo wa Tanganyika kama Pangani au Bagamoyo uliendeshwa na baraza la kuteuliwa. Mwenyekiti alikuwa Bwana Shauri wa wilaya. Pamoja naye waliketi daktari wa Serikali na wateule wachache: mfanyabiashara wa Kihindi, Mzungu mmoja, na baadaye Mwarabu na Mwafrika. Sheria ya mwaka 1953 ilifungua njia ya mabaraza yenye madaraka zaidi, miji mikubwa ikatangulia. Mwaka 1972 Serikali ilivunja halmashauri za wilaya, kazi zikahamia kwa wakurugenzi wa maendeleo. Halmashauri zilirudi mwaka 1984.

Mimi nilisomeshwa na mapadri, ijapokuwa nyumbani kwetu ni Waislamu. Kiingereza na taipu nilivyovipata huko ndivyo vilivyonipatia ukarani Bomani, katika mji wa pwani nisioutaja kwa sababu mtaiona. Mabadiliko ya 1972 yalipokuja, nilipewa chumba kilichojaa mafaili ya baraza la zamani, niyapange.

Nilitarajia mambo makubwa. Nilikuta mbuzi. Mbuzi wa fulani wamekula miche mbele ya Boma, mwenyewe atozwe faini. Muuza nyama apewe leseni akishaweka wavu wa kuzuia nzi. Ushuru wa soko la samaki upunguzwe wakati wa kusi, maana wavuvi hawatoki. Bwana Afya amekuta viluwiluwi vya mbu kwenye pipa la maji. Mwenye nyumba aonywe. Taa ya karabai iwekwe penye njia panda ya msikitini, na mwashaji alipwe kwa mwezi.

Kesi iliyonikaa ni ya paa la makuti. Baraza lilitaka nyumba zote za karibu na soko ziezekwe bati, kwa kuogopa moto. Bibi mmoja mjane aliomba muda. Akapewa miezi 6. Kikao kilichofuata akaomba tena, akapewa tena, na hivyo kwa miaka 3. Kila mara karani aliandika upya jina lake, nambari ya kiwanja, mpaka wake na nyumba za jirani, na tarehe aliyolipa kodi. Nadhani mjumbe mmoja alikuwa akimhurumia, ingawa karatasi haikusema hivyo.

Miaka mingi baadaye walikuja wajukuu wa bibi yule kutoka Maskati. Ofisi iliwaambia kiwanja hakikuwahi kuwa chao. Stakabadhi hawana, hati hawana. Mimi nilijua vizuri sana kilipoandikwa. Lakini faili lilikuwa limekwenda. Chumba kilihitajiwa kuwa ghala la mbolea, mafaili yakaamriwa yatolewe, mengine yakachomwa, mengine yakafungia mandazi sokoni. Karatasi ya kuyatoa ilikuwa na sahihi yangu. Niliwaeleza wale vijana nilichokumbuka, wakakiandika. Hakikuwasaidia kitu, kwani kumbukumbu ya karani si ushahidi.

Kwa hiyo mwenye sanduku la marehemu asitupe kitu kabla hajakitazama. Stakabadhi ya kodi ya nyumba, leseni ya duka, barua ya onyo kuhusu choo au pipa la maji, vyote vina jina, kiwanja na tarehe. Barua ya onyo ni bora kuliko picha ya harusi, maana picha haisemi mtaa.

Tena, juu ya mihutasari mingi niliyopanga palikuwa na alama kwamba nakala moja imepelekwa jimboni. Mafaili mengi ya utawala wa zamani yamo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mnapoomba, msitaje jina la babu peke yake. Tajeni mji, miaka, na jambo lenyewe: soko, machinjio, leseni, makuti. Mafaili yetu yalipangwa kwa mambo. Majina ya watu yamo ndani.