Bunduki Nyepesi ya Kupiga Mbali: Mpigaji Katajwa, Mbebaji Je?

Zipo picha za zamani za uwindaji wa Afrika Mashariki ambazo zinazunguka sana mitandaoni. Mzungu kavaa kofia pana, mguu mmoja kauweka juu ya nyati, tabasamu la ushindi. Pembeni kasimama jamaa mweusi, peku, kashika bunduki. Ukisoma maelezo ya chini unakuta jina la mzungu, aina ya bunduki, hata urefu wa pembe kwa inchi. Yule wa pembeni? "Mbeba bunduki." Basi. Yaani bunduki ina jina, aliyeibeba hana.

Hii ndo sehemu ambayo mijadala ya siku hizi kuhusu bunduki za kuwindia huwa inairuka. Wenye hela zao wanabishana kinoma: mtutu mwembamba au mnene, kitako cha mbao au cha plastiki ngumu, kilo mbili na nusu au kilo nne, itafika mita 300 au haifiki. Linaonekana ni swali la kiufundi tu. Lakini ukilipeleka kwenye vilima vya Kasulu na Kibondo, halafu ukashuka nalo hadi kwenye mabwawa ya Malagarasi na Muyovosi, unagundua kuwa kwa zaidi ya miaka mia moja swali halikuwa "bunduki ipi nzuri". Lilikuwa "nani anaruhusiwa kuwa na nzuri, na nani ataibeba".

Tuanze na chuma chenyewe. Bunduki inayozungumziwa hapa ni ile ya kukoki kwa mkono: unainua kishikio cha bolti, unavuta nyuma, ganda linaruka, unasukuma mbele, risasi mpya inaingia, unafunga. Mjerumani Paul Mauser ndiye aliyeifikisha mahali ambapo wengi wanaiga mpaka leo, hasa kwa toleo la mwaka 1898. Siri yake ni kwamba bolti inajifunga kwa meno imara mbele kabisa, jirani na risasi, kwa hiyo inahimili baruti kali isiyo na moshi. Baruti kali maana yake risasi ndogo inaweza kwenda kwa kasi kubwa. Na risasi ndogo ikitosha, bunduki nayo inaweza kupungua uzito. Kabla ya hapo, ukitaka nguvu ulilazimika kuongeza ukubwa wa risasi, na bunduki ya tembo ikafika kilo sita na zaidi. Jaribu kutembea na kilo sita za chuma begani, kwenye jua, kutoka alfajiri. Ndo maana wakubwa hawakutembea nazo.

Sasa linganisha na gobore, lililokuwa bunduki ya mwindaji wa kawaida bara. Unamwaga baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia kwa fimbo, unatia kipande cha risasi au vipande vya chuma, unashindilia tena. Ukikosa, mnyama hakungoji urudie. Moshi wake mweupe unamwambia kila mtu ulipo. Kwa shabaha ya uhakika unasogea hadi hatua chache tu, na hapo upepo usikugeuke.

Je, watu wa bara walipenda gobore? Wapi! Njia ya misafara ya kwenda Ujiji ilipita karibu nao. Novemba 1871 Henry Morton Stanley alipita katika nchi ya Waha akimtafuta Livingstone, akatozwa hongo kila penye mwami, mpaka akaamua kutoroka usiku kwa njia ya porini ili asifilisike. Watu waliokuwa wanajua thamani ya shanga na vitambaa kiasi hicho, bunduki nzuri wangeijua mara moja. Kilichowazuia kilikuwa karatasi.

Karatasi hiyo ilitiwa saini Brussels mwaka 1890. Mataifa 17, Zanzibar ikiwemo, yalikubaliana kuzuia biashara ya watumwa, na ndani yake wakaweka vifungu vya silaha. Kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, bunduki za kisasa zikazuiwa kuingia mikononi mwa watu kwa ujumla. Kilichoachiwa mlango kidogo ni magumegume, bunduki za mtutu usio na mifereji ya ndani, pamoja na baruti ya kawaida. Ramani hiyo inaimeza Afrika Mashariki yote. Sababu iliyoandikwa ilikuwa nzuri, kukomesha utumwa, na kweli bunduki zilikuwa zinawalisha wakamata watumwa. Lakini tazama mwaka: ni wakati uleule wakoloni walikuwa wanagawana bara. Miaka sita baadaye, 1896, Gavana Hermann von Wissmann akatoa kanuni za uwindaji za Afrika Mashariki ya Kijerumani: leseni, ada, na hifadhi za kwanza. Ndani ya muda mfupi, kazi ya babu ikawa kosa la mjukuu.

Hata askari wao wenyewe hawakuaminiwa. Vita vilipoanza 1914, kampuni nyingi za askari weusi wa Mjerumani bado zilikuwa na Mauser ya mwaka 1871: risasi moja moja, baruti yenye moshi. Ilibidi ije Tanga, Novemba 1914, Waingereza wakimbie na kuacha ufukweni mamia ya bunduki za kisasa, ndipo askari kadhaa wakashika silaha ya zama zao. Waliipata kwa kuiokota vitani.

Sasa twende kaskazini kidogo, maana stori maarufu kuliko zote kuhusu bunduki nyepesi haikutokea Kigoma. Ilitokea Karamoja, Uganda, kisha ikasambaa hadi Kongo. Mskochi mmoja, W. D. M. Bell, aliingia Karamoja mwaka 1902 kutafuta pembe za ndovu. Wenzake walibeba mizinga. Yeye akachagua Mauser ya milimita 7, ile ambayo London iliuzwa kwa jina la .275 Rigby. Ni bunduki ya kilo tatu na kitu, ambayo wengine wangempigia swala. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi hiyo ndogo.

Watu huwa wanaishia hapo na kusema: umeona, nyepesi inatosha! Wanasahau alichofanya kabla. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi ukimtazama mnyama kutoka kila upande. Alitumia risasi ngumu, ndefu na nyembamba, inayopenya bila kupasuka. Na alisogea karibu. Kwa hiyo somo lake halihusu kupiga mbali hata kidogo. Faida aliyoipata kwenye wepesi ilikuwa kwamba bunduki aliibeba mwenyewe siku nzima, ikawa mkononi tembo anapotokea, na mkono haukuwa umechoka. Bunduki haikutoka kwa mbeba bunduki kuja kwake dakika ya mwisho. (Pembe hizo zote, hata hivyo, hakuzibeba yeye. Msururu wa wapagazi uliozibeba uko kwenye stori kama namba tu.)

Leo huwezi kumuiga hata ukitaka. Kwa wanyama hatari kama tembo na nyati, Tanzania inataka bunduki isiyopungua .375. Na ni sawa kabisa, maana nyati aliyejeruhiwa kwa risasi ndogo hamtafuti aliyempiga. Anamkuta aliye mbele, na aliye mbele kwa kawaida ni mfuata nyayo.

Turudi Buha. Mwaka 1916 Wabelgiji kutoka Kongo waliteka Kigoma na Ujiji, wakakaa mpaka 1921 walipowaachia Waingereza. Vijana wa huku wakajulikana zaidi kama manamba wa mashamba ya mkonge kule Tanga. Kubeba na kukata vya wengine. Halafu likaja jambo ambalo wapenzi wa pori la Moyowosi hawasimuliwi: malale. Miaka ya 1930 serikali ya Mwingereza ilianza kuwahamisha watu waliokuwa wametawanyika katika maeneo yenye mbung'o huko Kibondo na Kasulu, ikawakusanya kwenye makazi ya pamoja. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, unaua. Lakini mashamba yaliyoachwa yakaota miti, na wanyama wakarudi. Sehemu ya kile ambacho leo kinaitwa pori la asili lilikuwa uwanja wa nyumba ya mtu.

Pori hilo sasa ni Pori la Akiba la Moyowosi, na mabwawa yake ni sehemu ya eneo oevu la Malagarasi-Muyovosi, la kwanza la Tanzania kuingia kwenye orodha ya Ramsar, mwaka 2000. Hapo ndipo swali la bunduki nyepesi linapokuwa na maana halisi. Mgeni anayemfuata nzohe anatembea kwenye maji na mafunjo, kisha anakaa juu ya jukwaa la miti akisubiri mnyama atokeze upande wa pili wa uwazi. Kutembea kunataka wepesi, na kupiga kunataka utulivu. Mgongano uko hapo, na hakuna tangazo la dukani linalouondoa: risasi ileile ikipigwa na bunduki nyepesi, teke linakuwa kali zaidi begani. Mtutu mwembamba unapata moto haraka na shabaha inaanza kuhama. Bunduki nyepesi pia inacheza mkononi na kila pumzi. Ndo maana wawindaji bingwa wazoefu huwa wanaona afadhali iongezwe nusu kilo kuliko mgeni ajeruhi mnyama mita 300 akapotelee kwenye mafunjo.

Na nani atamtafuta akipotea? Kijana wa kijiji jirani. Huyohuyo ndiye aliyesoma upepo kwa kuangusha majivu, akaona jani lililovunjika, akamfikisha mgeni mita 80 badala ya 300. Mfuata nyayo mzuri anafanya bunduki ya kupiga mbali isihitajike. Hakuna kampuni ya bunduki itakayoweka hilo kwenye tangazo.

Upande wa pili wa pori stori si poa. Vita vya Burundi na Kongo vilivusha watu, na silaha zikavuka nao. SMG ikaingia mahali ambapo gobore lilikuwa mfalme. Hesabu ya tembo nchini ilianguka kutoka kama 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014, na Malagarasi-Muyovosi haikupona. Operesheni Tokomeza ya 2013 ikaja kuwasaka majangili, ikasimamishwa baada ya malalamiko ya mateso na vifo, na Desemba mwaka huo mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao.

Magobore yanaendelea kusalimishwa na kukamatwa, yakipangwa mezani mbele ya kamera za waandishi. Yatazame vizuri siku moja. Mtutu umetokana na bomba, kitako kimechongwa kwa panga, kifyatulio ni kazi ya mhunzi asiye na duka. Mwaka 2015 ilipitishwa sheria mpya ya udhibiti wa silaha na risasi, na anayetaka kumiliki kihalali ana fomu za kujaza polisi. Mgeni wa Moyowosi naye anajaza zake, uwanja wa ndege, akiwa na sanduku lenye sponji ndani na bunduki ya kilo mbili na nusu. Mtu wa kulibeba sanduku hilo ameshapatikana.