Upatu, si Ngoma ya Chuma cha Pua

Kijitabu kimoja cha istilahi za muziki kilichonifikia hapa Arusha kinaiita ala ya Trinidad iliyozaliwa kwenye mapipa ya mafuta "ngoma ya chuma cha pua". Maneno matano, kwa kitu ambacho wenyewe Watrinidad wanakiita kwa silabi moja tu, pan, ile wanayoitia karai na sufuria. Waliokaa kwenye kamati iliyokitunga sitawataja. Nitasema tu kwamba pua hapo ni lile neno la kale la chuma kigumu, na kwamba mwanafunzi wa kwanza wa Usa River atakayelisoma atauliza ala hiyo inapulizwaje.

Tuanze na ngoma. Neno hili ni la kale kuliko kamati zote. Lugha nyingi za Kibantu, kutoka Kongo hadi Natal, zinalo kwa sura hiyo hiyo au inayoikaribia, na asili yake ni ngozi: gogo limechimbwa, ngozi imewambwa, mkono umeshuka. Baadaye likabeba uchezaji, likabeba sherehe, na siku hizi hata wimbo mpya redioni ni ngoma. Limeshiba. Erich von Hornbostel na Curt Sachs, walipozipanga ala za dunia mwaka 1914, walitenga zile zinazolia kwa ngozi iliyowambwa na zile ambazo mwili wake wenyewe ndio unaolia. Ala ya Trinidad ni ya kundi hili la pili, pamoja na marimba, na pamoja na kengele ya chuma anayofungwa shingoni fahali wa Kiarusha. Sijasikia mtu yeyote kwenye miteremko ya Meru akiiita kengele hiyo ngoma ya chuma.

Kuna kosa kubwa zaidi, la historia. Baada ya ghasia za kanivali za mwaka 1881, serikali ya kikoloni ya Kiingereza kule Trinidad ilitunga sheria za kubana ngoma za ngozi barabarani. Wajukuu wa watumwa wakageukia mianzi, wakaikata kwa urefu tofauti na kuigonga chini. Miaka ya 1930 yakaingia makopo ya biskuti na mapipa ya taka, na miaka ya 1940 pipa la mafuta la lita 200. Ellie Mannette anatajwa kuwa ndiye aliyekibonyeza kitako cha pipa kwa ndani. Anthony Williams akazipanga noti kwa mzunguko wa nne na tano. Mwaka 1951 bendi yao, TASPO, ikapiga London. Yaani ala imezaliwa kwa sababu ngoma imebanwa, nasi tunaipa jina la ngoma! Wapo wanaodai kwamba basi ni mrithi wake. Mrithi hurithi shamba, jina ana lake.

Anayetaka kuielewa asogee kwa mafundi bati wetu, wanaopasua mapipa yale yale kuyafanya majiko ya mkaa. Fundi hukitwanga kitako kwa nyundo nzito mpaka kiwe bakuli, huchora mipaka ya noti kwa tindo butu bila kutoboa, hukata ubavu (mfupi kwa sauti ya juu, pipa karibu zima kwa besi), kisha hulipitisha motoni. Hadi hapo mafundi wa Arusha hawahitaji mkalimani. Hatua ya tano ni ya masikio: nyundo ndogo, mara juu mara chini ya bati, mpaka kila kijieneo kitoe noti yake na oktava yake ndani yake.

Upigaji hauhitaji nguvu. Ncha ya kijiti, yenye mpira, hugusa na kuondoka, maana ikikawia inaizima noti. Anayetaka noti ndefu huzipishanisha ncha mbili upesi upesi mpaka mlio uwe kama umeungana.

Sasa wapinzani. Ndugu mmoja mwenye shahada zake anapendekeza debe, neno lililotufikia kutoka Bara Hindi, na kwa historia ya makopo ana hoja. Lakini aende stendi ya Arusha atangaze kwamba anatafuta wapiga debe. Watamzunguka kabla hajamaliza sentensi, wamuulize anakwenda Moshi au Babati. Mwingine anang'ang'ania pipa, neno tuliloachiwa na Wareno pamoja na meza na mvinyo. Hilo nalo magazeti yameshalirusha angani: msanii akisafiri nje, amekwea pipa.

Mimi nasema upatu. Watu wa pwani walikuwa na sahani ya shaba iliyopigwa kwa vijiti katika ngoma zao, mwili wa madini unaolia wenyewe, na jina lake upatu. Neno lipo na maana ipo. Mwamba ngoma huvutia kwake, najua, lakini hapa hata ngozi hakuna. Wananijibu kwamba upatu ni mchezo wa fedha, tena umeshawafikisha watu mahakamani. Akina mama wa Tengeru hucheza upatu na kupokezana zamu, na sioni ni nani kati yao atakayedhani ameletewa ala. Hoja hizi niliiandikia kamati hiyo kwa barua. Nilijibiwa mstari mmoja: imepokelewa, itazingatiwa. Kuzingatiwa kwake ndiko kulikozaa chuma cha pua, na chuma chenyewe cha ala hii ni laini. Ukiagiza cha pua dukani utapewa cha sufuria zisizoshika kutu.

Matumizi: upatu huu, patu hizi, mpiga patu, upatu wa sauti ya kwanza, patu za besi, ambazo mara nyingi huwa sita kwa mpigaji mmoja. Vya kupigia ni mikwiro, kama vya ngoma. Kijitabu kimeandika "fimbo", na mtu wa Arusha anajua fimbo hupigwa nani.