Kinga ya mlima: freni kwanza
Wenzangu, mwenye kutafuta kinga ya mlima nyepesi, bei nafuu, amortisere mbele na nyuma, asome hii. Miaka ya 1970, kule California, vijana walishuka mlima na kinga za zamani za Schwinn. Freni ya nyuma ilipata moto mpaka grese inaungua. Kisha lazima wajaze ingine, ndiyo maana mashindano yao yaliitwa Repack. Mwaka 1977 Joe Breeze akatengeneza kinga mpya ya kazi ile. Mwaka 1981 Specialized ikaleta Stumpjumper kutoka Japani, dola 750, bila amortisere hata moja! Hizo zilikuja nyuma, na kilo na bei vikapanda. Kama makuta iko kidogo, mimi ningechukua ya amortisere ya mbele tu, pesa ingine iende kwa freni.