Dripu nayo ni mti shamba

Wadau, mwezi uliopita dada yangu alipanda kutoka Kyela akashukia Mwanjelwa. Mwanawe wa miaka sita ana uvimbe wa taya. Hospitali ilishasema ni saratani, aanzishiwe dripu. Dada hakutaka "sumu ya Wazungu". Alitaka mizizi ya mzee anayetandaza dawa sokoni.

Nikamkalisha, nikamsimulia.

Uvimbe ule una jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kampala aliyeuandikia mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu takriban maili 10,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakapita Tanganyika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakakuta ugonjwa uko kwenye joto na mvua, lakini haba kwenye milima yenye baridi. Yaani Kyela kuliko huku kwetu. Leo inajulikana kuwa malaria inachangia, pamoja na kirusi cha Epstein-Barr.

Miaka hiyohiyo, Robert Noble na Charles Beer wa Kanada walipima majani yaliyotoka Jamaika, ambako watu waliyanywa kwa kisukari. Sukari ya panya haikushuka. Zilishuka chembe nyeupe za damu! Mmea wenyewe asili yake Madagaska, una ua la petali tano, jeupe au la waridi, na hupandwa sana pwani kama pambo. Ndani yake ikapatikana vinkristini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1963. Mwaka 1967 Kampala ikafungua kituo cha kutibu limfoma, na dawa hiyo ikatumika pamoja na nyingine.

Inafanyaje kazi? Seli ikitaka kugawanyika hujenga nyuzi za protini iitwayo tubulini, ambazo huvuta kromosomu pande mbili. Vinkristini huikamata tubulini. Nyuzi hazijengeki, seli inakwama katikati, inakufa. Seli za saratani hugawanyika ovyo, ndiyo maana zinaumia zaidi.

"Kwa hiyo ni sumu kweli," dada akasema.

"Ni sumu, dada. Ila imepimwa. Dozi moja kwa kawaida haizidi miligramu 2. Mizizi ya sokoni nani kaipima?"

Akanyamaza kitambo. Kisha: "Hilo ua lenyewe likoje?"

Nikamwonyesha picha. Kumbe analo uani, Kyela.

Mtoto ameshapata dripu mbili. Nywele zinapukutika, taya inanywea. Jumatatu ni ya tatu.