Upasuaji wa Busha: Matayarisho, Uuguzi wa Nyumbani na Hukumu za Swala

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (swalla Allahu alayhi wa sallam), ahli zake na swahaba zake.

Amma baad: Tunaulizwa mara kwa mara vipi ataswali mtu aliyepasuliwa busha. Wapo wanaoacha swala siku kadhaa wakidhani bandeji na damu vimewazuia. Na wapo wanaokaa na maradhi miaka mingi kwa kuona haya. Yote mawili hayafai: haya haizuii tiba, na tiba haiondoi swala.

Maradhi yenyewe

Busha, au ngirimaji, ni maji yanayokusanyika kwenye mfuko unaozunguka korodani. Visiwani kwetu sababu kubwa imekuwa vijidudu vya matende vinavyoenezwa na mbu. Zanzibar ilianza kugawa dawa za matende kwa watu wote mwaka 2001. Dawa hizo hupunguza maambukizi, lakini haziondoi maji yaliyokwisha kujaa. Hayo huondolewa kwa upasuaji. Kutoboa kwa sindano majumbani ni hatari: huingiza vijidudu, na maji hurudi. Waswahili husema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Mara nyingi upasuaji huu hufanywa kwa ganzi ya mgongoni, na mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile.

Kabla ya upasuaji

- Mweleze daktari dawa zote unazotumia: za presha, sukari, aspirini, za kuzuia damu kuganda, na za miti shamba pia. Usiache dawa yoyote bila ya kuambiwa.
- Kwa kawaida chakula huachwa saa 6 kabla, na maji matupu saa 2 kabla. Fuata ulivyoelekezwa na hospitali yako.
- Kunyoa kinena ni sunna, lakini usinyoe kwa wembe usiku wa kuamkia upasuaji, kwani mikwaruzo huleta usaha. Nyoa siku kadhaa kabla, au waachie wauguzi. Oga vizuri kwa sabuni.
- Kama unatoka kisiwa kidogo, tafuta jamaa wa kulala kwake karibu na hospitali usiku wa kwanza. Usisafiri peke yako.
- Busha kwa kawaida si la dharura, basi omba tarehe isiyoangukia Ramadhani. Ikilazimu kufungua, utalipa siku hizo, kama ilivyo katika Suratul Baqara aya ya 185.

Kumfunulia daktari uchi kwa matibabu kunaruhusika kwa kiasi cha haja. Mwanamume aombe ahudumiwe na mwanamume akipatikana. Asipopatikana, asiache tiba.

Twahara na swala

*Udhu.* Kidonda hakipo kwenye viungo vya udhu, kwa hiyo mgonjwa hutawadha kama kawaida. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, damu inayotoka kwenye kidonda haivunji udhu, na damu kidogo ya kidonda chako mwenyewe iliyobaki kwenye bandeji husamehewa.

*Kustanji.* Ikiwa maji yataloanisha kidonda, inatosha kujifuta kwa tishu safi mara tatu au zaidi, mpaka pasafike.

*Janaba.* Osha mwili uliosalia, panguza juu ya bandeji kwa mkono uliolowa ikiwa daktari hakukataza, na utayamamu kwa ajili ya sehemu isiyofikiwa na maji.

*Mpira wa mkojo.* Aliyewekewa atawadhe baada ya wakati wa swala kuingia, kisha aswali bila ya kuchelewa. Mkojo unaotoka bila ya hiari yake haumharibii swala hiyo.

*Namna ya kuswali.* Imran bin Huswayn (radhiya Allahu anhu) alikuwa na bawasiri, akaelekezwa na Mtume aswali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa ubavu. Basi keti kwenye kiti ikiwa kusujudu kunavuta mshono. Mwenye uzito mkubwa anaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Imamu Nawawi aliipa nguvu kauli hiyo kwa mgonjwa. Aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, wakati ukampita, alipe akizindukana. Ijumaa ikimshinda, ataswali Adhuhuri.

Uuguzi wa nyumbani

Vaa chupi ya kubana ili kuushikilia mfuko. Uvimbe na weusi wa ngozi ni kawaida, na uvimbe huchukua wiki kadhaa kupungua. Kidonda kikae kikavu mpaka uruhusiwe kukilowesha, na usiingie baharini kabla hakijapona. Kunywa maji na kula matunda ili choo kisiwe kigumu. Kwa wiki 4 hadi 6 usibebe mizigo, usipande mnazi wala mkarafuu, usivute chombo pwani, wala usipande baiskeli. Tendo la ndoa nalo lisubiri mpaka daktari aruhusu. Mke aelezwe mapema, asije akadhani ametupwa.

Rudi hospitali haraka ukipata homa, usaha, damu isiyokatika, uvimbe unaokua kwa kasi, au ukishindwa kukojoa kwa saa 6 na zaidi. Usingoje asubuhi.

Tunawaomba watoto wenye wazee wanaojificha ndani kwa maradhi haya wawafuate kwa upole na wawapeleke wenyewe. Huo ni wema kwa wazazi.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.