Utando wa wanga wa mihogo: kuona ndani haitoshi

Tangu dekre namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipokataza sashe za plastiki katika Congo, swali linabaki sokoni: tutafunga vitu ndani ya nini? Jibu moja ambalo watafiti wa nchi nyingi wanalifuata ni utando wa wanga wa mihogo, ni kusema ule unga mweupe unaolala chini ya beseni kisha kukamua mihogo iliyokunwa.

Wanga unachanganywa na maji na gliserini kidogo, unapikwa mpaka karibu nyuzi 70, halafu unamwagwa juu ya sahani bapa na kuachwa ukauke. Bila gliserini, utando unavunjika kama jani kavu.

Kwa nini mmoja uko safi kama kioo, na mwingine mweupe kama maziwa? Mwangaza unapita vizuri kama hakuna kitu cha kuuzuia njiani. Chembe za wanga ambazo hazikuiva na mapovu ya hewa zinatawanya mwangaza huku na kule. Ndiyo maana jicho linaona ukungu. Hata utando uliotoka vizuri unaweza kuanza ukungu kisha siku nyingi, juu molekuli za wanga zinajipanga upya.

Lakini usafi huo uko na hatari yake. Jua linaleta pia miale ya ultravioleti, ambayo macho hayaione. Utando safi wa wanga unaacha sehemu kubwa ya miale hiyo ipite. Tuchukue mafuta ya mawese: wekundu wake unatoka kwa karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Mwangaza na hewa vinaiharibu polepole. Mteja anaona mafuta vizuri, kumbe faida yake inapungua.

Dawa moja ni kuongeza lignini, inayotoka katika mti. Inazuia miale hiyo vizuri, lakini utando unageuka kahawia na mteja haone tena ndani sawasawa. Tena maji yanaulegeza utando wa wanga, hata kama mafuta hayaupenye kwa urahisi.

Kwa hiyo, mama muuzaji, sashe ikiwa ya plastiki ao ya mihogo, usiamini usafi wake tu. Mawese yakae kivulini, yakiwa yamefunikwa.