Kambare Alivyogeuka Chambo: Historia Fupi ya Ndoano Ziwa Victoria

Ukifika kwenye mwalo wowote wa Mwanza jioni jua linapoanza kulegea, iwe Igombe, Kayenze au ng'ambo kule Sengerema, usiangalie mtumbwi kwanza. Angalia ndoo ya mvuvi wa migonzo. Ndani yake, kwenye maji ambayo wewe usingenawia hata miguu, utaona samaki weusi wadogo wenye sharubu, wengine urefu wa kidole, wengine kiganja, wanapindukapinduka. Hao ni vifaranga vya kambare. Usiku huu kila mmoja atatundikwa kwenye ndoano akiwa mzima na kushushwa ziwani kumsubiri sangara.

Hapo ndipo pana historia. Miaka mia moja iliyopita, kwenye ziwa hilihili, kambare alikuwa yule anayewekewa chambo. Leo yeye mwenyewe ndiye chambo. Amefikaje huko? Jibu linapitia kwenye pua na ngozi ya kambare, kwenye samaki wadogo waitwao furu, na kwenye kiungo kimoja cha ajabu kilichojificha nyuma ya matamvua yake.

Tuanze na jina, maana litakusumbua ukienda kusoma ripoti za zamani. Kambare wetu, ambaye wengi kanda ya ziwa humwita mumi, kisayansi ni Clarias gariepinus. Alielezwa na Burchell mwaka 1822, na jina hilo linatokana na Gariep, mto mkubwa wa kusini mwa Afrika. Lakini ripoti za Ziwa Victoria za enzi za ukoloni zinamwita Clarias mossambicus. Ni samaki yuleyule. Majina hayo yaliunganishwa miaka ya 1980, mtaalamu Teugels alipopitia upya ukoo mzima wa kambare wa Afrika. Kwa hiyo usidhani kuna samaki aliyepotea hapo katikati. Waliopotea ni wengine, tutawafikia.

Zamani kambare alivuliwa zaidi kwa kufuata mvua. Mito ikijaa, anapanda kwenye mabonde yaliyofurika kwenda kutaga, na watu walimsubiri njiani kwa migono na nyuzio za matete. Whitehead aliandika mwaka 1959 juu ya samaki wa Ziwa Victoria wanaopanda mitoni namna hiyo. Nje ya msimu huo ilibidi utumie ndoano. Nyavu za kutega za nyuzi za kitani, zilizoingia ziwani kupitia ghuba ya Kisumu mwaka 1905, zilikuwa nzuri kwa ngege, samaki mwenye mwili mpana na magamba. Michael Graham alipofanya uchunguzi wake maarufu wa ziwa zima mwaka 1927 na 1928, nyavu hizo zilikuwa zimeshaanza kuwachosha ngege. Kambare ni habari nyingine. Hana magamba, ana utelezi, kichwa bapa, anapenda tope. Yeye, mbofu na kamongo walikuwa samaki wa ndoano za chini.

Na chambo chake? Hapa wazee walijua kitu ambacho maabara ilikuja kukieleza baadaye. Ukimtaka kambare, weka kitu kinachonuka: utumbo wa samaki, nyungunyungu, furu aliyeanza kuchacha, vipande vya nyama. Sababu ni kwamba mwili wa kambare ni kama ulimi unaoogelea. Ana sharubu nane, jozi nne, zimejaa vionjo vya ladha. Kwa samaki wa kundi lake vionjo hivyo vimetapakaa hadi kwenye ngozi ya mwili. Mwaka 1967, Bardach na wenzake walionyesha kwamba kambare wa Marekani anaweza kukifuata chakula kilipo kwa kutumia ladha tu. Mwaka 1975 Caprio akapima neva za sharubu zao na kukuta zinaitikia asidi amino, yaani vile vijenzi vya protini, hata zikiwa kidogo mno majini. Nyama inayooza inamwaga asidi amino. Chambo kibichi kinanong'ona, kilichochacha kinapiga kelele.

(Ndiyo, na sabuni. Huenda umesikia watu wakisema kambare anakula sabuni ukadhani ni utani wa kijiweni. Kusini mwa Marekani wavuvi wa kambare wanaitumia mpaka leo, hasa ile ya kizamani iliyopikwa kwa mafuta ya wanyama.)

Kuna jambo jingine linalonifurahisha zaidi. Mwaka 1917, Parker na van Heusen walimfunga kambare macho, kisha wakamsogezea fimbo mbalimbali ndani ya maji. Fimbo ya kioo hakuishtukia mpaka ilipomgusa. Fimbo ya chuma aliihisi ikiwa bado iko mbali kidogo. Ilichukua miongo kadhaa kueleweka vizuri: chuma majini huzalisha umeme hafifu, na kambare ana vihisio vya umeme kwenye ngozi. Mwaka 1963 Lissmann na Machin wa Cambridge waliandika kuhusu vihisio hivyo wakimtumia Clarias, ndugu wa huyu wetu. Kwa hiyo gizani, kwenye tope, kambare anaonja, ananusa na anahisi umeme wa misuli ya kiumbe kilichojificha. Macho yake ni madogo, na hayamsumbui.

Kwa hiyo kama unataka kumvua wewe mwenyewe ukiwa ukingoni, usihangaike na chambo bandia kinachometameta. Mshipi mmoja imara wa nailoni, kizito kidogo cha risasi (watu wa pwani wanakiita chubwi) chenye tundu ili mshipi upite bila kumfanya samaki ahisi uzito, kisha kipande kifupi cha mshipi na ndoano moja. Chambo kikae chini kabisa. Fimbo ya mwanzi inatosha kwa kambare wa kilo moja. Kambare mkubwa anaweza kuzidi mita moja, na huyo atakuachia kipande cha mwanzi mkononi, hivyo hapo ndipo fimbo nene yenye gurudumu la kukunjia mshipi inapofaa. Ukimtoa, chunga miba ya mapezi ya kifuani. Inachoma vibaya.

Turudi kwenye historia. Sehemu kubwa ya karne ya 20, ghala la chambo la ziwa hili lilikuwa furu. Hawa ni samaki wadogo wa jamii ya sato, spishi zaidi ya 500, karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Uchunguzi wa nyavu za kukokota wa mwaka 1969 hadi 1971 ulikuta kwamba takribani asilimia 80 ya uzito wa samaki wa tabaka la chini ilikuwa furu. Walikuwa wengi kiasi kwamba katikati ya miaka ya 1970 Mwanza ilijengewa kiwanda cha kuwasaga wawe unga wa kulishia mifugo. Mvuvi wa ndoano hakuwa na haja ya kununua chambo. Chambo kilikuwa kinaogelea miguuni pake.

Kisha akaja sangara. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, ingawa mwanasayansi Geoffrey Fryer, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Jinja, aliandika mwaka 1960 kupinga wazo hilo. Kwa miaka mingi sangara alikuwa kama hayupo, halafu akalipuka. Upande wa Mwanza mlipuko ulitokea katikati ya miaka ya 1980, mbele ya macho ya timu ya watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, iliyofika mwaka 1977 kuchunguza furu wa Ghuba ya Mwanza. Walikuja kuhesabu spishi, wakajikuta wanahesabu zinazotoweka. Ndani ya miaka michache furu wa ghuba walikuwa karibu wamekwisha kwenye nyavu zao za uchunguzi. Mbofu naye akaporomoka.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya mvuvi wa wakati ule. Ghala lako la chambo limefungwa. Na samaki mpya anayelipa, hasa baada ya viwanda vya minofu kuanza kusafirisha sangara kwenda Ulaya miaka ya 1990, ana tabia tofauti kabisa na kambare. Sangara anawinda kwa macho. Mmulike usiku utaona macho yake yanang'aa kama ya paka, kwa sababu nyuma ya retina ana tabaka linalorudisha mwanga. Anataka kitu kinachotembea. Utumbo uliochacha, ambao kwa kambare ni karamu, sangara anaweza kuupita tu. Unahitaji samaki hai, na awe hai si kwa dakika kumi bali usiku kucha, akiwa na chuma mgongoni.

Furu hawezi hilo kwa muda mrefu. Dagaa ndiyo kabisa, anakufa ukimwangalia vibaya. Anayeweza ni mmoja.

Nyuma ya matamvua ya kambare kuna vyumba viwili vyenye kitu kama kimti chenye matawi mengi, chekundu kwa damu. Hicho kinafanya kazi ya mapafu. Kambare anapanda juu, anameza hewa, anashuka. Ndiyo maana anaishi kwenye kidimbwi cha tope ambacho samaki wengine wangekufa ndani yake, ndiyo maana anaweza kutambaa usiku wa mvua kutoka dimbwi hadi dimbwi, na ndiyo maana mamia yao wanakaa kwenye ndoo moja toka Magu hadi mwaloni bila kubadilishiwa maji. Mvuvi akipitisha ndoano kwenye ngozi ya mgongo bila kugusa uti, kifaranga kitachezacheza mpaka asubuhi.

Na hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu kidogo kwa kambare. Kiungo hichohicho ndicho kilichomwokoa sangara alipolipuka. Sangara anahitaji maji yenye oksijeni nyingi, na ndani ya mafunjo haipo. Utafiti wa Lauren Chapman na wenzake kwenye ziwa dogo la Nabugabo, Uganda, uliochapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba mabwawa yenye oksijeni kidogo ni kimbilio la samaki wanaoweza kuyavumilia. Gugumaji lilipofunika ghuba zetu mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati kila mtu analia, kambare na kamongo walinufaika. Walipata mafunjo mapya yanayoelea. Uvumilivu uliomficha asiliwe ndio uliomtia machoni pa mwenye migonzo.

Kwa nini migonzo yenyewe iliongezeka? Wavuvi watakutajia wizi wa nyavu kabla ya kitu kingine. Seti ya makila ikiibiwa usiku, mtaji wa familia umekwenda. Kamba kuu yenye vijikamba, ndoano, maboya na mawe ya kuizamisha ni nafuu zaidi, na ikipotea unaweza kuanza tena. Sensa ya uvuvi ya mwaka 2000 ilihesabu takribani ndoano milioni 3.5 katika nchi tatu, na muongo mmoja baadaye zilikuwa zaidi ya maradufu. Wataalamu wengi waliziona ndoano kuwa afadhali kuliko kokoro linalosomba kila kitu ufukweni. Ukichagua ndoano kubwa unamwacha sangara mdogo, na kumbuka hesabu ya ndoano iko kinyume: namba ikipanda, ndoano inakuwa ndogo. Kwa upande wa sangara, hoja hiyo nakubaliana nayo. Kanuni iliwahi kutaka avuliwe mwenye sentimita 50 hadi 85, na ndoano inakusaidia kuchagua.

Lakini fanya hesabu ya upande wa pili. Tuseme mtumbwi una ndoano 1,000 na kila usiku unahitaji vifaranga vipya 600. Kwa usiku 20 kwa mwezi, ni vifaranga 12,000. Mtumbwi mmoja. Vinatoka wapi? Vingi vinatoka kwenye mafunjo, vijito na majaruba ya mpunga, vikichotwa na vijana kwa nyavu za matundu madogo, ambazo hazichagui kambare peke yake. Uganda na Kenya, biashara hii ilisukuma vituo vya kutotolesha vifaranga, na kwa baadhi ya vituo mvuvi wa migonzo amekuwa mteja mkubwa kuliko mfugaji wa bwawani. Huo ni unafuu kwa mafunjo, kama bei ya kifaranga cha kituoni haimzidi kijana mwenye ndoo. Mara nyingi inamzidi.

Kuna wanaosema kambare hana thamani kubwa hivyo, Wasabato hawamli kwa kuwa hana magamba, na wengine hawampendi tu kwa sura. Waende wakaulize bei ya kambare mkavu sokoni Kirumba.

Kinachonikera kama mwanafunzi wa takwimu ni kitu kidogo sana. Samaki wa ziwa hili hupimwa mwaloni, asubuhi, wakishushwa kutoka mtumbwini. Kambare wa chambo wanapita mwaloni huohuo, jioni, wakielekea upande wa pili. Wanapandishwa mtumbwini ndani ya ndoo, na mwenye mizani ameshakwenda nyumbani.